Flashi Isiyofunguka

Bi Mwanahawa wa Mtendeni alikuwa na miaka hamsini na minane, na kwa miaka thelathini na tisa alikuwa akiandika barua za watu wengine. Alianza na mashine ya chapa kwenye ofisi moja ya tumbaku, binti mwembamba aliyetoka kwenye kozi ya ukatibu muhtasi. Ofisi ilipopunguza watu akafungua duka lake, chumba kimoja kinachotazama barabara, ndani yake kompyuta kuukuu, printa, na viti viwili vya wateja. Nje aliweka kibao: TUNACHAPA BARUA ZA AINA ZOTE. Na kweli zilikuwa za aina zote. Maombi ya kazi, mikataba ya mashamba, malalamiko kwa mtendaji wa kata, na zaidi ya zote, barua za posa. Watu walipanda treni kutoka Igalula, wengine wakaja kutoka Ziba huko, ili posa ya kijana wao ichapwe na Bi Mwanahawa, kwa sababu ilisemekana kwamba posa iliyotoka mikononi mwake haijawahi kurudishwa. Yeye hakukanusha hata siku moja.

Alikuwa na majivuno, tuseme ukweli. Babu wa babu yake alifika Tabora na misafara ya kutoka pwani, akagoma kuendelea hadi Ujiji, akabaki hapa akiwaandikia wafanyabiashara barua zao kwa herufi za Kiarabu. "Sisi kuandika tumekukuta kwenye damu," alipenda kusema, na mteja aliyethubutu kucheka barua yake ilisubiri mpaka kesho.

Alifundishwa kuchapa bila kutazama, na hakutazama. Macho yake yalikaa kwenye karatasi ya mteja iliyoegemezwa kushoto, vidole vikajua njia vyenyewe. Kuchungulia kioo katikati ya barua aliona ni tabia ya vijana wasiojiamini. Na barua ya posa, kwake, ikishatoka kwenye printa haikusomwa tena. Aliikunja mara tatu ikiwa bado na joto, akaitia kwenye bahasha, akaifunga. Kuisoma tena ni kuitilia shaka, alisema, na posa ikitiliwa shaka na aliyeiandika, wapokeaji wafanye nini?

Sasa kuna jambo ambalo yeye mwenyewe asingekwambia. Tangu kabla ya Ramadhani, vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilianza kufa ganzi: dole gumba, cha shahada na cha kati. Mwanzoni ganzi ilikuja na kuondoka. Kisha ikaja ikakaa. Alidondosha kikombe cha chai mara mbili akamsingizia paka. Dukani alichapa kwa mkono wa kushoto na vidole viwili vilivyobaki vya kulia, na mteja akishangaa barua kuchelewa, alipiga kompyuta kofi la mgongoni na kusema, "Mashine nzito hii, haifai." Hakumwambia mtu. Mpiga chapa asiye na vidole ni nani? Swali hilo lilimtia hofu kiasi kwamba hata hospitali hakwenda, maana huko wangempa jibu.

Binti yake Shamila, fundi wa umeme na mitambo midogomidogo huko Dodoma, alikuja nyumbani kwa siku nne. Siku mbili kati ya hizo alishinda dukani amekaa kwenye kiti cha wateja, anamtazama mama yake akichapa. Bi Mwanahawa naye akajitahidi kuonekana mwepesi, na wote wawili wakazungumza habari za bei ya mchele.

Siku ya kuondoka, wakiwa stendi na basi linanguruma, Shamila akamtia mama yake kitu kiganjani. Kilikuwa kidude cha kijani, chembamba kama biskuti, upana wake hauzidi dole gumba, upande mmoja kina meno manne ya rangi ya dhahabu.

"Mama, hiki kitakusaidia. Fungua ukurasa, kichomeke kwenye kompyuta, usubiri kidogo tu."

"Kina nini ndani?"

Shamila akatazama pembeni. "Utaona mwenyewe," alisema, akapanda basi haraka.

Bi Mwanahawa hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa amemwomba Shamila mara tatu picha za akika ya mjukuu wake, na vitu vya kuchomeka kwenye kompyuta alivifahamu: ni flashi, na flashi huwa na picha, nyimbo au virusi. Hii ilikuwa uchi, haina hata lile bati la mdomoni, lakini vijana siku hizi wanapenda vitu vya uchi.

Alipofika dukani akaichomeka. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Akasubiri dirisha la picha lifunguke kama ilivyo kawaida ya flashi. Halikufunguka. Badala yake, baada ya muda mfupi, alama ndogondogo zilizopangwa kwenye kioo zikaanza kuguswa zenyewe, mara hii, mara ile, kama mtu anayepapasa vikombe kabatini gizani. Kisha zikatulia. Akaichomoa, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la khanga, akairudisha. Mambo yakawa yaleyale.

"Ina virusi," aliamua. Angempigia Shamila, lakini alijua angejibiwa nini: kompyuta yako imezeeka, Mama, funga duka uje tukae wote Dodoma. Akaiacha palepale ilipo, akitumaini itajirekebisha. Kompyuta yake ilikuwa na matundu ya mbele, usawa wa karatasi za wateja, na kile kidude kwa wembamba wake kilikuwa kinachezacheza ndani ya tundu kama jino la mtoto.

Asubuhi iliyofuata aliwasha kompyuta, akafungua ukurasa mpya, akainuka kumpokea muuza karatasi. Aliporudi alikuta maneno kwenye ukurasa.

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Kata ya Mtendeni, Manispaa ya Tabora, mwenye akili timamu.*

Yaliendelea mistari kadhaa. Aliyatambua. Yalikuwa maneno yake, yale anayoyachapa kila siku ya Mungu kwenye barua za maombi. Lakini aliyachapa saa ngapi? Akafikiri ni mabaki ya jana. Akayafuta. Siku ya pili yake akayakuta tena, na safari hii alikuwa ametoka kufagia kizingiti tu. Akasimama na fagio mkononi. Hakukumbuka kuyaandika. Alijaribu kukumbuka, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye swala ya alfajiri, na hakuona mahali alipoyaandika.

Ndipo wazo baya likaingia. Mama yake mzazi, katika miaka yake ya mwisho, alikuwa akitia chumvi kwenye mboga mara tatu na kuapa hajatia hata mara moja. Alikufa akiwaita watoto wake kwa majina ya shangazi zao. Bi Mwanahawa akaufunga ule ukurasa upesi, kana kwamba kuna mtu anachungulia.

Katika hali hiyo ya kutojielewa ndipo alipoingia Mzee Octavian wa Igalula, na kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwapani.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, Mzee Octavian. Karibu. Za huko?"

Za huko zilikuwa njema. Mpwa wake Kasimiri, fundi seremala, alikuwa amempata binti wa kuoa: Consolatha, muuguzi, mtoto wa Mzee Emilian aliyekuwa karani wa reli. Octavian ndiye mshenga. Alikuwa na posa imeandikwa kwa mkono mbele na nyuma ya karatasi moja, na alitaka iwe safi, kwa sababu Mzee Emilian alisifika kwa kusoma kila kitu mara mbili.

Bi Mwanahawa akaegemeza karatasi kushoto, akaanza. Alipofika chini ya ukurasa wa kwanza, kwenye maneno "hanywi pombe na hana", akaigeuza karatasi. Kidole kisicho na hisia kikaisukuma flashi. Hakujua. Wakati huohuo Octavian akamuuliza kama michembe ya mwaka huu ameionja, akamgeukia, wakazungumza kidogo, kisha akarudisha macho kwenye karatasi na kumalizia: "mke wala mtoto popote." Printa ikatoa kurasa mbili badala ya moja. Akadhani ni ukubwa wa herufi tu. Akakunja mara tatu.

Siku mbili baadaye Octavian alirudi, na safari hii bila michembe. Alikuwa ameshika bahasha iliyofunguliwa.

"Bi Mwanahawa," alisema kwa upole unaotisha, "umetuandikia nini?"

Akamsomea. Posa ilianza vizuri, kwa heshima na unyenyekevu, tunabisha hodi nyumbani kwenu. Kijana wetu ni fundi, anasali, hanywi pombe na hana Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Kata ya Mtendeni, Manispaa ya Tabora, mwenye akili timamu. Naomba ombi langu lishughulikiwe mapema iwezekanavyo kwani nimesubiri kwa muda mrefu. Natanguliza shukrani zangu za dhati. Wako mtiifu, mke wala mtoto popote.

"Ilisomwa mbele ya wazee wote," alisema Octavian. "Mzee Emilian anauliza huyu mkazi wa Mtendeni aliyesubiri muda mrefu ni nani. Wajomba wa Consolatha wanasema binti ana mchumba mwingine hapa mjini, amejipenyeza kwenye barua yetu. Consolatha analia. Kasimiri hali chakula. Jumapili wanakaa kikao, na nisipopeleka maelezo yanayoeleweka, barua inarudishwa."

"Nipe ile ya mkono," alisema Bi Mwanahawa.

Akazilinganisha. Kwenye karatasi ya mkono hapakuwa na mkazi wa Mtendeni. Basi aliyemwingiza ni yeye. Akakaa.

"Nipe mpaka kesho jioni, kaka yangu. Nitakwenda mwenyewe kusema."

"Utasema nini?"

Mzee Octavian alipoondoka, Bi Mwanahawa akafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo hata siku za msiba hakulifanya. Akajipima. Akataja majina ya wajukuu wote kwa umri wao. Sawa. Akataja miezi ya Kiislamu kutoka Muharramu, akafika mwisho. Akahesabu kutoka mia kurudi nyuma kwa saba saba, akakwama kwenye hamsini na moja, akakumbuka kwamba hesabu hiyo hata akiwa shule ilimshinda. Kichwa kilionekana kizima. Sasa mtu mwenye kichwa kizima anaandikaje maneno asiyoyajua?

Akafungua ukurasa mtupu, akaikalia mikono yake yote miwili kama mtoto aliyekatazwa kugusa sinia, akakitumbulia macho kioo. Dakika zikapita. Ukurasa ulibaki mweupe. Basi ni mimi, alijisemea, na machozi yakamtoka, kwa sababu alikuwa ametumaini kwa moyo wote kwamba si yeye.

Akainuka kutafuta leso. Nyonga yake ikagonga meza, kile kidude kikatikisika tunduni, taa nyekundu ikazimika ikawaka. Na kabla hajaifikia leso, herufi zikaanza kutembea kwenye kioo. *Husika na kichwa cha habari...*

"Audhubillahi!"

Mikono yake ilikuwa hewani. Kiti kilikuwa kitupu. Kibodi ilikuwa imelala kimya, hakuna kitufe kilichobonyea, na maneno yalikuwa yanatoka kwa kasi ambayo hata yeye akiwa na miaka ishirini hakuifikia. Akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Hajafika katikati, maandishi yakakoma kwenye *Wako mtiifu*, kwa adabu kabisa. Kwa muda akaamini kwamba amemfukuza jini mwenye elimu ya ofisi.

Lakini alikuwa mtu wa kazi, na jicho lake likarudi kwenye ile taa nyekundu. Akaichomoa flashi kwa mkono wa kushoto, akaishika kwa ncha kama mtu aliyeshika mende. Akaichomeka. Akahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. *Husika na kichwa cha habari hapo juu.* Akaichomoa, akachukua simu.

"Shamila! Umenipa nini wewe?"

"Shikamoo, Mama. Kwani hakifanyi kazi?"

"Marahaba. Kinafanya kazi gani? Picha za akika ziko wapi?"

"Picha? Mama, hiyo siyo flashi. Hiyo ni kompyuta. Kompyuta ndogo kabisa, haina kioo, haina chochote, inajua jambo moja tu ulilolifundisha. Nimeifundisha yale maneno yako. Ukiichomeka, kompyuta yako inadhani umechomeka kibodi. Inasubiri sekunde tano, halafu inaandika, na ikicheza tunduni inaanza upya."

"Kibodi gani isiyo na hata herufi moja?"

"Haihitaji vitufe. Inatuma herufi tu, kama vile mtu amebonyeza."

"Mtu gani?"

"Hakuna mtu, Mama."

Bi Mwanahawa hakuelewa. Alielewa kila neno kivyake, lakini yakikaa pamoja hakuyaelewa. Kitu kimoja tu kilimfikia, nacho kilimfanya akae chini sakafuni, mgongo ukutani: hakuwa amerukwa na akili. Akacheka peke yake kwa nguvu, Shamila akisikiliza upande wa pili kwa wasiwasi.

Kisha kicheko kikakatika. "Na kwa nini uliona nahitaji kitu cha kuniandikia?"

"Niliogopa kukuuliza, Mama," alisema Shamila.

Bi Mwanahawa akakata simu bila kuaga. Alikuwa na hasira, na hakujua kama ni hasira ya kutengenezewa kidude kile au ya kuonekana.

Kesho yake jioni walikwenda kwa Mzee Emilian, yeye na Mzee Octavian, na barua mpya safi aliyoichapa mchana mzima na kuisoma mara nne, kanuni zake zote ameziweka kando. Nyumba ilikuwa karibu na reli. Mama Theodora, mke wa Emilian, akawapokea kwa chai na karanga, lakini kwa uso wa mtu ambaye bado hajaamua kama hawa ni wageni au washtakiwa. Consolatha akawaamkia, akapewa ombi la ajabu: alete kompyuta yake ya mkononi, afungue ukurasa mtupu.

"Naomba kila mtu aweke mikono juu ya magoti," alisema Bi Mwanahawa, akachomeka.

Wakasubiri. Mzee Emilian alikuwa amevaa jozi mbili za miwani, moja juu ya nyingine, kwa ajili ya kusoma vizuri. Herufi zilipoanza kutembea, Mama Theodora akafanya ishara ya msalaba na Consolatha akasogeza kiti nyuma. Mkazi wa Mtendeni mwenye akili timamu akajitokeza mbele ya macho yao wote, akaomba ashughulikiwe mapema, akaaga.

"Huyo ndiye mchumba wenu wa pili," alisema Bi Mwanahawa. "Ameumbwa Dodoma na binti yangu."

Octavian akacheka kwa sauti, akatazamia wengine wamfuate. Emilian hakucheka. Akakichomoa kidude, akakichomeka tena, akahakikisha, maana alisoma kila kitu mara mbili. Kisha akavua miwani yote.

"Kimeeleweka, au tuseme nimekubali kwamba hakieleweki," alisema. "Lakini nisaidie jambo moja, Bi Mwanahawa. Mji mzima unakujua kwa vidole vyako. Binti yako alikutengenezea kitu cha kukuandikia kwa sababu gani?"

Njiani alikuwa ameandaa jibu: mtoto alikuwa anajaribu ufundi wake, basi. Lilikuwa jibu zuri. Lakini mzee huyu alikaa miaka thelathini stesheni akisikiliza visingizio vya treni kuchelewa, na sasa alikuwa anamtazama vilevile. Akidanganya na mzee akanusa, barua itarudi Igalula, na Kasimiri wa watu hana kosa. Octavian alikuwa ameinamisha kichwa, anaisugua kofia yake.

Bi Mwanahawa akauweka mkono wa kulia juu ya meza, kati ya vikombe.

"Huu umekufa," alisema. "Vidole vitatu. Nachapa na vilivyobaki. Kidude kilisogezwa na kidole changu mwenyewe, na sikuhisi."

Mama Theodora akaacha kumimina chai. Mzee Emilian akaitazama ile barua mpya, akaikunja kama ilivyokuwa, akaiweka ndani ya kabati la vioo. "Hii tumeipokea," alimwambia Octavian. "Yule wa Mtendeni mwambieni nafasi imejaa." Hapo watu wakacheka, na Octavian akainuka kumshika Emilian mkono kwa mikono yake miwili, na maneno ya furaha yakaanza kupishana chumbani.

Bi Mwanahawa hakuyasikia. Alikuwa bado anautazama mkono wake, akishangaa kwamba amekwisha kusema na dari haijaanguka. Consolatha akahama kiti, akaketi ubavuni kwake, akauchukua ule mkono bila kuomba ruhusa, kama wauguzi wanavyofanya, akaanza kubonyeza vidole kimoja kimoja.

"Hapa, Mama?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapo kidogo. Kama kwa mbali."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani."

"Hospitali walisemaje?"

Bi Mwanahawa akatikisa kichwa.

"Hukwenda? Na nyumbani je, uliwahi kumwambia nani?"

Mkono wake ulikuwa ndani ya mikono miwili ya yule binti, umebanwa vizuri, na vile vidole vitatu havikujua kwamba vimeshikwa.

"Ndiyo kwanza nasema," alijibu.